Ufa Nyuma ya Mimbari

Jumatano, 4 Januari 1928

Nguo za memsahib zimekauka kabla ya saa sita. Jua kali, vumbi kila mahali. Nimepiga pasi mpaka mkono ukafa ganzi. Makaburu hawa wana mashuka utafikiri wanalaza jeshi.

Jioni nimefagia kanisa. Zamu yangu. Ukuta ule nyuma ya mimbari umesimama, mwekundu, mrefu, unafika mpaka kwenye mabati. Baba Marita ndiye aliyeujenga. Matofali aliyachoma mwenyewe, na katikati alitia udongo, kwa sababu saruji ni ya wazungu. Kila nikiuangalia ninajidai kidogo. Mungu anisamehe. Ni mwanamke gani mwingine hapa mjini Sisibo ambaye bwana yake amejenga nyumba ya Mungu?

Marita ameshona ukosi wa gauni lake la harusi. Umekaa upande. Nimeufumua, amenuna. Anaolewa mwaka huu na Eliya, kijana wa kwetu Maragoli, yuko Ainabkoi kwenye mashine ya kupasua mbao. Harusi ya pete, ya kwanza katika kanisa letu. Na ukosi upande? Thubutu.

Jumamosi, 7 Januari

Mwandiko huu ni wa kuku.

Jana usiku ardhi ilitikisika. Tulikuwa tumelala. Kwanza mbwa wote walilia pamoja. Halafu ngurumo, lakini si ya mbinguni, ya chini ya kitanda. Nilidhani gari la moshi limeacha reli linakuja kwetu. Kitanda kikatembea. Sufuria zikaanguka moja, mbili, halafu zote. Paa likatumwagia vumbi la miaka yote. Baba Marita akanishika mimi, akamshika Marita, tukatoka. Mimi na shuka tu. Sikuona aibu. Majirani wote walikuwa hivyo hivyo.

Nje hakukuwa afadhali. Nyumba ikikutisha unakimbilia nje. Ardhi yenyewe ikikukataa, utakimbilia wapi? Nilikaa chini nikashika majani kwa mikono miwili. Miti ilikuwa inayumba na upepo hakuna.

Ikatulia. Hata vyura wa mto Sosiani walinyamaza. Halafu Mama Dorka, jirani yangu, akaanzisha wimbo. Sauti yake ni mbaya siku zote, lakini jana nilishukuru kuisikia.

Nyumba yetu iko. Miti, udongo na nyasi, ilinesanesa ikarudi. Ufa mmoja mdogo ukutani, juu ya mafiga, basi. Lakini nimeogopa. Naandika wazi: nimeogopa kuliko siku niliyomzaa Marita.

Jumapili, 8 Januari

Kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Hata wale ambao njia ya kanisa walikuwa wameisahau.

Ukuta wa nyuma ya mimbari umepasuka. Ufa umeanzia juu kabisa, chini ya mabati, umeshuka ukipindapinda mpaka dirishani. Kidole kinaingia. Wakati wa maombi watu walifumbua macho kuuangalia. Baba Marita aliangalia viatu vyake.

Mzee Yona, kiongozi wetu wa kanisa, alisema Mungu ametikisa nchi kwa sababu ya pombe na ngoma. Mimi sinywi, sichezi, na sufuria zangu ndizo zilizoanguka. Akatoa amri: nchi ikitikisika tena, atagonga kile chuma cha reli tunachokitumia kama kengele, na kila mtu akimbilie kanisani. Nyumba ya Mungu ni kimbilio. Watu wakaitikia amina. Na mimi pia.

Jumanne, 10 Januari

Chimni ya memsahib, ile ya matofali ya kutolea moshi, ilianguka usiku ule. Ilipasua paa, ikafika mezani wanapokula. Bahati walikuwa vyumbani. Sasa analala na watoto ndani ya gari la ng'ombe, lile walilokuja nalo zamani kutoka kwao kusini. Leo amevaa viatu visivyofanana, hajui. Nilimwonea huruma. Sikutegemea.

Ameniambia nikusanye matofali. Nikaokota moja, nikalipima mkononi. Tofali moja tu, zito namna hii. Nilisimama nalo mpaka akaniuliza kama ninaumwa.

Njiani nimekutana na karani wa reli. Anasema huko chini kwenye Bonde la Ufa ardhi imepasuka, mtu anatumbukiza mguu mzima. Anasema bonde lenyewe ni ufa wa kale, na bado linajivuta. Ndivyo wazungu wanavyosema. Hakuna dhambi ya mtu hapo. Nimemweleza Mzee Yona. Amenijibu kwamba karani anakunywa pombe.

Ijumaa, 13 Januari

Tumeuziba ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: Mzee Yona amesema mara tatu, utadhani methali kaitunga yeye. Baba Marita alijaza udongo na vipande vya tofali. Halafu akina mama tukasiriba, ndani na nje.

Kazi hiyo ni yangu. Hakuna anayesiriba kunishinda, na sioni haya kuliandika. Mavi ya ng'ombe ya asubuhi, udongo wa kichuguu, majivu kidogo. Kwetu ndivyo ilivyo. Mgeni anakuja, siriba. Sikukuu, siriba. Mtoto amezaliwa, mtu amekufa, siriba. Ukuta wenye ufa ni aibu ya mwanamke wa nyumba hiyo.

Jioni ukuta ulikuwa laini kama shavu la mtoto. Asiyejua hawezi kujua. Baba Marita alinishika bega tukirudi. Nimefurahi.

Jumapili, 29 Januari

Imetikisika tena. Mchana, kidogo tu, vikombe vililia kabatini. Mzee Yona akagonga chuma. Watu wakakimbia wote, wakatoka kwenye nyumba zao za nyasi wakaingia ndani ya matofali.

Mimi nilifika mlangoni, nikaishia hapo. Marita alikuwa ndani, mbele kabisa, anaimba. Nyuma yake vumbi lilikuwa linashuka ukutani, jembamba, kama mtu anachekecha unga. Hakuna aliyegeuka. Nilisimama pale kama mbuzi aliyekatazwa kuingia.

Baadaye Mzee Yona akaniuliza imani yangu iko wapi. Nikasema tumbo linauma. Uongo mtupu. Niliogopa ukuta, hilo sikumwambia.

Alhamisi, 16 Februari

Ufa umerudi.

Ninajua udongo wangu. Ukikauka vibaya unapasuka huku na huku kama utando wa buibui. Huu ni mstari mmoja. Njia ile ile, kutoka juu mpaka dirishani. Maana yake si siriba iliyopasuka. Ni ukuta unaotembea ndani yake.

Nimemwambia Baba Marita tukila. Akaweka tonge chini. Akasema siku hizi ninasiriba vibaya. Mimi! Mimi huyu! Nilitoka nje nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Ninajua kinachomsumbua. Kaburu mmoja wa Kapseret anataka fundi wa kumjengea ghala, na anakuja kuangalia ukuta wa kanisa kabla ya kuamua. Nimeelewa. Na nimekasirika vile vile.

Ijumaa, 17 Februari

Nimesiriba tena. Kaburu amekuja, ameupiga ukuta kofi kama anapiga ng'ombe anayemnunua, ameridhika. Kazi ya ghala itaanza baada ya Pasaka. Baba Marita alipiga mluzi jioni nzima.

Jumamosi, 3 Machi

Watu wa Eliya wamekuja. Wamekula, wamesifu, wamekula tena. Mambo ya ng'ombe yamekwisha kwa amani. Harusi ni Jumamosi inayofuata Pasaka.

Eliya amekuja na benchi. Mbao za mti wa podo, amezipiga randa mwenyewe huko Ainabkoi, hata mgongo wa kuegemea umewekwa. Ni la bwana na bibi harusi kukalia. Wakalipeleka kanisani, wakaliweka mbele, chini ya mimbari. Kila mtu akalipapasa. Marita alilikalia kujaribu, akacheka, akaficha uso.

Mimi niliangalia juu yake. Mstari uko. Mwembamba kama uzi, lakini uko.

Jumatatu, 26 Machi

Mvua ya kwanza. Nchi nzima inanukia. Mama Dorka alitoka akasimama ndani yake mikono juu kama mtoto. Kila mtu anafurahi, mahindi yatapandwa.

Mimi nilikwenda kanisani. Nilikuwa nikiogopa nchi itatikisika tena. Mpumbavu mimi. Nchi imekwisha kufanya kazi yake, sasa ni zamu ya maji. Yanaingia juu kwenye ufa, yanakunywa udongo ulio katikati ya matofali. Chini ya ukuta kuna tope jekundu na hakuna aliyelileta. Nikaweka kiganja ukutani. Ukuta una tumbo. Umevimba kuja ndani.

Nilimwambia mume wangu mbele ya mafundi wenzake. Kosa langu, ningengoja tuwe wawili. Akasema wanawake wakiona kitu chochote wanaona tumbo. Wakacheka sana. Nikikasirika ninamwita Zakaria. Basi leo ni Zakaria.

Ijumaa, 30 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Yona. Nilipika kwanza, nikachukua kuku, maana mtu wa kuombwa haendewi mikono mitupu. Nikamsihi harusi ifanyike uwanjani. Au angalau mabenchi yasogezwe karibu na mlango.

Alimla kuku. Akasema harusi ya nje ni ya wasioamini. Akasema nimheshimu bwana yangu na kazi ya mikono yake. Akasema kesho akina mama tusiribe kanisa lote kwa ajili ya Jumapili ya Matawi.

Jumamosi, 31 Machi

Wenzangu wamesiriba. Mimi nimekanda udongo tu. Mama Dorka akaniuliza mbona sipandi kule juu kama siku zote. Nikamwambia yote. Akainua macho, akauangalia ukuta kitambo, akachovya mkono akaendelea kusiriba.

Simlaumu. Tumefundishwa kufunika. Ukuta ukipasuka tunafunika, halafu tunasifiana jinsi tulivyofunika.

Wiki mbili kuanzia leo Marita atakaa chini ya ule ukuta.

Jumapili, 1 Aprili

Nimefanya.

Maombi ya mwisho yalikwisha. Watu walikuwa bado wamekaa, matawi mikononi. Nilikuwa nimebeba jembe langu kuukuu la kukwangulia sakafu, nimelifunga ndani ya khanga. Nikaenda mbele, nikapanda juu ya benchi la Eliya kwa viatu vyangu, nikaanza kukwangua ukuta.

Siriba ya jana ilikuwa bado mbichi. Ilitoka vipande vipande, ikaanguka kwenye Biblia ya Mzee Yona. Nilikwangua mpaka dirishani. Ufa ule haukuwa wa kidole tena. Nikaingiza mkono wangu mzima, mpaka kwenye kifundo, nikasikia upepo wa nje kwenye vidole.

Nikageuka, mkono bado uko ndani. Nikasema, "Mmeona?"

Mtoto mmoja akacheka. Zakaria alikuwa amesimama karibu na mlango. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Na aliyemvua ni mke wake. Akatoka.

Jumatatu, 2 Aprili

Zakaria amelala kwenye kiti. Asubuhi nilimwekea chai, ikapoa pale pale.

Marita analia. Anasema nimemharibia harusi, nimemwaibisha baba yake, watu wa Eliya watasemaje. Nikamwambia bora alie akiwa hai. Akazidi kulia.

Mzee Yona ameninyang'anya zamu ya kufagia na uongozi wa akina mama. Harusi iko pale pale, ndani, na ufa utazibwa upya. Mungu wangu. Mtu aonyeshwe namna gani tena?

Ninajuta? Kwa uso wa Baba Marita, ndiyo, ninajuta sana. Kwa ukuta, hapana.

Alhamisi, 5 Aprili

Jana sikuweza kuandika.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Baba Marita alitoka bila chai, bila kusema anakokwenda. Mimi nilikwenda kwa memsahib. Nilikuwa ninapiga pasi Mama Dorka alipoingia mbio, hajavaa viatu, tope mpaka magotini. Akasema ukuta umeanguka. Akasema Zakaria yuko chini yake.

Pasi niliiacha juu ya nguo. Sijui kama imeungua. Sijali.

Nilipofika walikuwa wamekwisha kumtoa. Yu hai. Mkono wa kulia ulibanwa kati ya matofali na ngazi. Sitaandika ulivyokuwa. Wakamlaza juu ya mlango wa kanisa, wakambeba hivyo mpaka hospitali. Aliniangalia. Halafu akafumba macho.

Ukuta wote umelala ndani. Mabati yamekunjwa. Mimbari ni vijiti. Benchi la Eliya halionekani, liko chini ya rundo.

Watu wote wanasema jambo moja. Eti Zakaria, kwa aibu, alikwenda kuubomoa ukuta wake mwenyewe, peke yake, kwenye mvua. Ukuta ulikuwa mzima, mdomo wa mke wake ndio uliomponza. Waliyasema nikisikia. Walitaka nisikie.

Nikarudi nyumbani kumchukulia blanketi. Mtaimbo wake uko nyuma ya mlango. Nyundo kubwa ipo. Kilichokosekana ni ndoo ya udongo na mwiko wake wa kujengea.

Nikakaa chini. Mtu habomoi ukuta kwa mwiko. Alikwenda kuuziba.

Sijamwambia mtu. Na sitamwambia. Nimekwisha kumvua nguo mara moja, inatosha.

Jumamosi, 7 Aprili

Daktari ameukata mkono. Umekwisha. Mkono wa kulia wa fundi.

Nimekaa naye hospitali. Akasema, "Ungenyamaza, leo ningekuwa na mkono."

Ningeweza kumwuliza mtaimbo ulikuwa wapi. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikakunja blanketi. Nikalikunjua, nikalikunja tena.

Njiani nimelia kwa sauti. Watu wakanipisha.

Jumapili, 8 Aprili. Pasaka

Ibada uwanjani, manyunyu. Yale yale niliyomwomba Mzee Yona kwa kuku. Mama Dorka peke yake alikaa karibu nami. Mzee Yona akahubiri juu ya kaburi lililo wazi, halafu akahamia kwenye ukuta. Sikusikiliza. Kumbe nilisikiliza, kwa maana kila neno ninalikumbuka.

Kaburu wa Kapseret amepata fundi mwingine.

Alhamisi, 12 Aprili

Nimemaliza gauni. Ukosi umenyooka. Marita alilijaribu, akajiangalia kwenye kioo cha memsahib nilichoazima, halafu akaniuliza kama baba yake atakuja. Nikamwambia asikunje mikono, gauni litajikunja.

Jumamosi, 14 Aprili

Tumemwoza Marita.

Baba Marita alikuja. Hospitali walimruhusu asubuhi. Koti la kuazima, mkono mmoja wa koti umebanwa kwa pini. Hakunisalimia. Kabla ibada haijaanza aliingia peke yake kwenye kanisa lililobomoka, nikamfuata, nikasimama nje ya dirisha. Alikuwa anageuza matofali kwa mkono wa kushoto, moja moja, bila haraka. Alikuwa anatafuta benchi. Akalipata. Limekatika katikati, pale pale anapokaa bibi harusi. Alisimama hapo mpaka wimbo ulipoanza.

Pete imeingia vizuri. Mvua ilitungoja. Eliya alisema "ndiyo" kwa sauti kubwa mpaka watu wakacheka, na mimi nilicheka. Siku nyingi sikuwa nimecheka.

Baada ya chakula, wazee wakaanza kumpa bibi harusi mawaidha. Mzee Yona akasimama wa kwanza. Akachukua lile neno la Biblia la mwanamke anayeibomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Akasema kulikuwa na ukuta mzuri, imara, na kulikuwa na mdomo. Akasema, Marita, binti yangu, usiufuate mdomo. Hakunitaja. Nani hakujua? Marita aliinamisha kichwa. Uso wangu uliwaka, nikatamani ardhi ipasuke tena, hapo hapo, chini yangu.

Baba Marita akasimama.

Si mtu wa maneno. Alisimama vibaya, mwili umelemea upande mmoja. Akasema:

"Mimi sikwenda kubomoa. Nilikwenda na ndoo ya udongo, kuziba, ili nyinyi mwone kwamba mke wangu ni mwongo. Niliegemeza ngazi tu. Tofali hata moja sikuwa nimeligusa. Ukaja wenyewe."

Akaonyesha kanisa kwa mkono wa kushoto.

"Nendeni mkaangalie lile benchi."

Akakaa. Hakuniangalia. Aliangalia mahali ulipokuwa mkono wake.

Mzee Yona akafunua Biblia, akafunua tena, kana kwamba ukurasa umepotea. Eliya alikwenda kwenye benchi. Alirudi ameshika kipande cha mbao, akamshika Marita, akamshika sana, mbele ya wazee. Marita alikuja kwangu, akaniwekea kichwa mapajani na gauni lake jeupe, kwenye majani mabichi. Sikumkataza.

Ndipo Mama Dorka akaanzisha wimbo, kwa sauti yake ile ile.

Jumapili, 15 Aprili

Jina la fundi alilijenga miaka yote hiyo. Jana amelitoa lote kwa maneno machache, na hakuna aliyemlazimisha. Angenyamaza, watu wangemwonea huruma mpaka kufa kwake, na mimi ndiye ningelaumiwa. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimekwisha kuuzoea mzigo.

Usiku huu amelala kitandani. Nimemfunika tu.

Jumanne, 24 Aprili

Mvua asubuhi, jua kidogo mchana. Mahindi ya Mama Dorka yameota.

Baba Marita anajifunza kula kwa mkono wa kushoto. Kijiko kinamkimbia, anakitukana kwa Kimaragoli. Mchana anakwenda kanisani, anakaa kwenye kigogo, anasafisha matofali ya ukuta ule na kuyapanga. Vijana wanataka kujenga upya. Watajenga ukuta mfupi, na paa la nyasi. Yeye atakaa pembeni, awaambie. Mzee Yona amepita mara mbili, amesalimia, ameondoka. Zamu ya kufagia amenirudishia, hakuna cha kufagia.

Marita na Eliya wanakuja Jumapili na watu wa Ainabkoi. Kwa hiyo leo nimesiriba nyumba. Sakafu, kuta, mpaka nje kwenye mlango. Nikafika juu ya mafiga, kwenye ule ufa mdogo wa Januari. Nilikuwa nimekwisha kuchovya mkono.

Baba Marita alikuwa amekaa nyuma yangu. Akasema, "Huo uache, Mama Marita. Tuuone."

Wageni watasema mwanamke wa nyumba hii ni mvivu. Waseme. Nimeuacha wazi, nikanawa mikono. Asubuhi tutauangalia kwanza, yeye halafu mimi, ndipo niwashe moto.